Sefu Nne kwa Waya Mmoja

Nyumba yetu iko upande wa juu wa barabara ya Kasikeu, na nguzo za stima zilipita upande huo peke yake. Ndiyo maana sefu zote nne zililetwa kwetu. Nyumba yenyewe si kubwa. Tuna vyumba vitatu, na jikoni ya matofali ambayo baba aliiongeza nyuma kabla hajarudi Mombasa kazini. Stima yote inaingia kwa kisanduku kidogo kando ya mlango, na ndani yake kuna breka mbili, swichi za kukatia stima, moja ya taa na moja ya soketi. Soketi za jikoni na za sebuleni zote zinategemea hiyo breka moja. Zamani sikuwa najua hayo. Nilijua tu kwamba ukibonyeza, inawaka.

Sefu ni jina walilolitoa wanawake wenyewe. Ni makabati ya chuma yanayofika kifuani, ya kuivisha nyama kwa moshi. Juu kuna vyuma vya kutundikia kuku, chini kuna koili inayopata moto kama ya pasi, na juu ya koili pana trei ndogo ya vipande vya mti. Ukiwasha, koili inachoma vile vipande polepole bila kuviwasha moto, moshi unajaa, na kuku anaiva huku akichukua harufu ya mti. Sisi tunatumia matawi ya mwembe yaliyokatwa wakati wa kupunguza miti, kwa sababu hayo Makueni hayaishi. Mbele ya kila kabati kuna taa ndogo nyekundu. Siku makabati yaliposhushwa kutoka kwa pikapu, susu aliyazunguka mara moja akagonga mlango wa moja kwa kidole. Susu kwetu ni nyanya, na huyu ndiye mzee kuliko wote katika kikundi cha mama.

"Hii ni sefu ya benki," akasema. "Sasa pesa iko wapi ya kuweka ndani?"

Jina likabaki.

Kikundi chao ni cha mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo Wakamba wamefanya tangu zamani. Wanakutana, wanalima au wanachimba matuta, wanakula pamoja, wanaenda nyumbani. Mama ndiye mwenyekiti. Kulikuwa na hoteli kando ya barabara ya Mombasa iliyofungwa na kuuza vyombo vyake vya jikoni, na mama aliwashawishi wenzake wachukue sefu hizo nne kwa akiba waliyokuwa wameweka ili wanunue tangi la maji. Alikuwa na sababu. Kwenye harusi moja ya kanisani alikuwa amepika kuku kwa moshi ndani ya pipa, kwa kuni, na mpishi wa hoteli nyingine akaonja. Mpishi huyo alitaka kuku wa namna hiyo kila wiki, bora wawe wa rangi moja na waive sawasawa. Kwa pipa hilo haliwezekani. Oda ya kwanza ilikuwa kuku thelathini na wawili, siku ya Ijumaa.

Aliyetaka tangi zaidi ya wote ni mshonaji. Ana cherehani sokoni na anakaa ng'ambo ya mto, na maji anayabeba mwenyewe. Alikubali sefu mwishoni, lakini alisema neno lake mbele ya kikundi kizima, sebuleni kwetu, nikiwa napitisha vikombe.

"Mwenyekiti, nimekubali. Lakini hii oda ikiharibika, sefu zinaenda kwa yule mtu wa vyuma chakavu, na kiti unampa mwingine."

Mama alisema, "Sawa."

Nilimwekea kikombe chake mbele yake na hakukigusa mpaka kikapoa.

Jumanne tulijaribu. Walikuwa wanne: mama, susu, mshonaji, na mama mmoja aliyeolewa huku kutoka Kyuso, ambaye ndugu zake humletea asali ya kwao. Kila mmoja alikuwa na sefu yake na kuku mmoja wa majaribio. Sefu mbili tulizichomeka kwa soketi za jikoni. Mbili zilizobaki zilichomekwa kwa ekstensheni, niliyoivuta kutoka sebuleni na kuipitisha chini ya pazia.

Walizianza kama wanavyoanza shamba. Susu aliomba. Kisha kila mmoja akasimama kando ya sefu yake, kidole kwenye swichi, na mshonaji akaanzisha wimbo wa kulima, ule ambao jembe linashuka kwenye neno la mwisho. Neno la mwisho lilipofika wakabonyeza wote kwa pamoja. Taa nne nyekundu zikawaka. Mama wa Kyuso akapiga vigelegele.

Hawakumaliza ubeti wa pili. Kwenye kisanduku cha mlangoni kitu kilisema tak, na friji ikanyamaza.

"Stima imepotea," mama akasema.

Nilitoka nje. Redio ya jirani ilikuwa bado inahubiri.

"Ya jirani iko," nikasema.

Nilipofungua kisanduku nikaona breka moja imeangalia chini. Nikaiinua. Taa nne zikarudi, wakashangilia, na kabla hawajamaliza kushangilia, tak.

Hapo ndipo yalipoanza mambo ya kutafuta mgonjwa. Kwa kuwa sefu ya susu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, iliamuliwa kwamba ndiyo mbaya. Wakaichomoa. Nikainua breka, na sefu tatu zikakaa. Zilikaa mpaka moshi ukaanza kutoka juu na jikoni ikanukia mwembe.

"Susu, yako ni mgonjwa," mshonaji akasema. "Ulichagua vibaya."

"Hata mimi magoti ni mgonjwa," susu akajibu, "na mkiitana kwa chakula nafika kabla yenu."

Tulikuwa bado tunacheka ilipoanguka tena. Sasa wakasema kumbe si ya susu, ni ya mama wa Kyuso, maana hiyo sasa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikachomolewa, ya susu ikarudishwa. Ikakaa muda mrefu kiasi cha kuchemsha chai, ikaanguka. Basi ni ya mwenyekiti. Kufika mchana kila sefu ilikuwa imeshtakiwa isipokuwa ya mshonaji, kwa sababu ya kwake ilichomekwa kwanza kila mara na hakuna aliyeigusa.

"Yangu haina neno," akasema, akiifuta kwa leso. "Ugonjwa ni wenu."

Mimi nilikuwa naangalia jambo moja. Kila iliyochomekwa mwisho ndiyo iliyolaumiwa. Sikusema, kwa sababu sijazoea kusema wazee wakiwa wengi, na pia sikuwa na jibu la kuweka mahali pa lile la kwao. Nilienda kukusanya ekstensheni. Nilipoishika ilikuwa imelainika kama mshumaa uliowekwa juani, na kichwa chake kilikuwa na doa la rangi ya chai.

"Mwaitu, shika hapa," nikamwambia mama.

Alishika akaondoa mkono haraka. Akaangalia pazia, akaangalia kiti cha kitambaa ambacho waya ulikuwa umepita chini yake. Kuku wale wanne, ambao walikuwa wameiva nusu, tulimalizia kwa sufuria na wakaliwa kama kuku wa kawaida.

Kesho yake mama alimwita fundi wa stima kutoka sokoni. Ni kijana tuliyesoma naye mpaka darasa la nane, kisha yeye akaenda kujifunza ufundi na mimi nikabaki kusaidia nyumbani. Alisoma kibandiko kilichokuwa nyuma ya kila sefu. Akafungua soketi moja ya jikoni, akavuta waya kidogo nje kwa koleo, akatuita tuone. Mshonaji pia alikuwepo. Alikuja makusudi.

"Sefu zote ni nzima," fundi akasema. "Waya wenu ndio mwembamba. Zikiwaka nne kwa pamoja zinaomba stima kuliko ule waya unavyoweza kubeba, na breka inaikata."

"Si uweke breka kubwa?" mshonaji akamuuliza. "Uko nazo hapo kwa mfuko. Nimeziona."

"Ninazo, mama. Lakini breka inalinda huu waya. Nikiweka kubwa itanyamaza, na waya utapata moto ndani ya ukuta. Mtaanza kusikia harufu, mseme ni moshi wa kuku."

Mama alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Fundi alisema dawa ni kuvuta waya mwingine mnene kutoka kwa mita hadi jikoni, wenye breka yake peke yake. Waya huo hakuwa nao. Angeutafuta mjini aje kuuweka wiki inayofuata. Oda ilikuwa Ijumaa.

"Kwa sasa ni mbili," akasema. "Mbili na friji. Moja kwa moja kwa ukuta, hiyo ekstensheni mtupe. Pasi hapana. Birika la stima hapana."

"Jana tatu zilikaa," nikasema.

"Zilikaa kwa sababu breka inavumilia kidogo ikizidishiwa kidogo. Hiyo si kukubali."

Nilikuwa na swali lingine. Nilikuwa nimeona kwamba sefu ikipata moto wa kutosha, ile taa nyekundu inazima yenyewe, kisha baada ya muda inawaka tena.

"Taa ikizima, haitumii stima?"

"Haitumii. Imefika joto lake, inapumzika."

"Basi zikipumzika mbili, si ninaweza kuwasha ya tatu?"

Aliniangalia vizuri. "Unaweza. Lakini wewe utajuaje zitaamka saa ngapi? Zikiamka pamoja, uko pale pale pa jana."

Alipoondoka niliwasha sefu mbili bila kitu ndani, nikaziacha mchana wote nikichambua pojo kando ya kisanduku. Taa zikawaka, zikazima, zikawaka. Mara nyingine moja, mara nyingine zote mbili. Breka haikushuka. Kufika jioni nilikuwa na uhakika. Sefu mbili zinajaza nusu ya oda, na tangu kuingia hadi kutoka kuku wanachukua kama saa nne. Tukianza alfajiri, nusu ya kwanza inatoka kabla ya adhuhuri, nusu ya pili inatoka kabla ya jioni. Kuku wanaosubiri wanalala kwenye friji ndani ya maji ya chumvi. Friji ni ndogo, lakini ukitoa vyuma vya katikati inameza kumi na sita.

Alhamisi wanawake walikuja kuchinja. Yadi ilijaa manyoya. Mama aliwaeleza alichosema fundi, na kelele ikaanza palepale, mikono ikiwa ndani ya maji moto.

"Mbili zianze, mbili zingoje?" mshonaji akasema. "Nani angoje? Nani alikuwa wa kwanza na nani wa pili wakati wa kuchanga?"

"Hakuna wa pili," mama akasema. "Ni mpango tu."

"Mwethya haina mpango wa hivyo. Majembe yanashuka pamoja. Kuku wa wengine wakiiva na wa wengine wakiharibika, tutasema nini?"

Mama wa Kyuso alitaka tuwashe tatu na mtu akae mlangoni akishikilia breka kwa kidole isishuke. Susu alimuuliza kama kidole hicho ni cha kwake au cha kukodisha. Nilimwona mama anaanza kulegea. Nilijua angekubali tatu, ili asionekane kuwa amewapanga wenzake kwa daraja, na nilijua kitakachofuata.

Nilikuwa nang'oa manyoya ya jogoo. Nilisema bila kuinua kichwa.

"Lakini shamba huwa moja moja."

Waligeuka wote, nafikiri zaidi kwa sababu ni mimi niliyesema.

"Unasemaje, mwiitu?" susu akauliza. Mwiitu ni msichana. Ananiita hivyo tangu nizaliwe.

"Majembe yanashuka pamoja, ndiyo. Lakini hamjawahi kulima mashamba manne siku moja. Mnalima kwa huyu, halafu kwa yule. Wa mwisho hasemi ameachwa. Huo waya ni kama nyinyi. Una mikono miwili tu. Ulime huku kwanza, halafu kule."

Jogoo alikuwa ameisha manyoya kitambo na mimi nilikuwa bado namng'oa.

Susu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnasikia? Tumefanya mwethya miaka yote hii, na tukipewa stima tunasahau nusu yake."

"Basi nani anaanziwa?" mshonaji akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Unauliza nini na unajua?" susu akasema. "Anayetoka mbali. Ndivyo tulivyofanya siku zote, ili afike kwake kungali mwanga. Wewe wa ng'ambo ya mto, na huyu wa Kyuso ambaye nyumba yake iko nyuma ya kile kilima. Mimi na mwenyekiti tunalala hapa karibu, tutangoja."

Kwa hiyo kuku wa mshonaji ndio waliotangulia, na kuku wa mama, aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wote, wakawa wa mwisho. Mama alikubali bila kusitasita.

Ijumaa kulipopambazuka sefu mbili za kwanza zilikuwa zinatoa moshi. Niliwasha moja, nikangoja taa yake izime, ndipo nikawasha ya pili. Fundi hakunifundisha hilo. Niliona tu kwamba sefu baridi ina njaa kuliko iliyopata moto, na sikutaka zote mbili zianze na njaa. Saa ya mwisho mama wa Kyuso alipaka asali kwa brashi ya majani ya mgomba, haraka haraka, ili mlango usikae wazi. Kuku walipotoka walikuwa na rangi ya ngozi ya kiatu kilichopakwa rangi vizuri. Mshonaji alivunja bawa la mmoja akatafuna akiwa amesimama. Alisema, "Chumvi iko sawa." Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Tukaingiza zamu ya pili. Breka ilikuwa haijashuka hata mara moja. Nilikwenda nyuma kuosha beseni.

Mpishi wa hoteli alikuja mapema. Tulimtarajia jioni, akafika mara tu baada ya chakula cha mchana kwa gari la kazini kwao, mtu mnene mwenye sauti ya chini, akasema amepita aone tunavyofanya. Mama akamkaribisha sebuleni. Na hapo mama alifanya kile ambacho mama yeyote wa huku angefanya. Mgeni ameketi, lazima chai. Tuna birika la stima linalong'aa, baba alilituma kutoka Mombasa, na halitolewi kabatini isipokuwa kuna mgeni wa heshima. Kumpikia mgeni wa namna hiyo kwa kuni, mama aliona ni kama kumwambia hatukumtarajia.

Alikuwa hajasahau maneno ya fundi. Aliniambia baadaye kwamba alichungulia jikoni kwanza, akaona taa zote mbili nyekundu zimezima. Alikuwa amenisikia nikisema taa ikizima haitumii stima. Akahesabu kwamba birika litachemka kabla hazijaamka.

Nilisikia birika likianza kuvuma. Nilisimama na beseni mkononi. Nilipoingia jikoni taa zote mbili zilikuwa zimewaka, na birika lilikuwa linaendelea, na nilikuwa katikati ya chumba niliposikia, tak.

Friji ikanyamaza. Birika likanyamaza. Mchana giza haliingii, kwa hiyo mpishi hakujua kitu, aliendelea kumuuliza mama kuhusu aina ya kuku. Lakini mama alijua. Alikuwa amesimama kando ya birika, mkono juu ya kifuniko, na uso wake ulikuwa kama siku ile ya kikombe kilichopoa.

Nilichomoa birika. Nikazima sefu zote mbili. Nikainua breka, ikashuka papo hapo kabla sijaondoa kidole. Sefu zilikuwa zimezimwa na bado ilishuka.

Mama wa Kyuso akanifuata. "Imekufa?"

"Haijafa. Imepata moto, inataka kupoa." Niliishika, ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. "Mtu yeyote asifungue mlango wa sefu. Joto lililo ndani litatosha wakati tunangoja."

Susu tayari alikuwa ameshika kitasa cha sefu yake atazame. Nikamwambia, "Susu, toa mkono." Sijawahi kumwambia hivyo, na yeye akautoa.

Mshonaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma akiona yote. Aliona birika, akaona breka, akamwona mama. Alikuwa na kila kitu alichohitaji. Angefungua kinywa tu, pale pale mbele ya mpishi, na mambo ya kiti na ya sefu yangekwisha siku hiyo.

Alitoka nje. Nikasikia anavunja kuni kwa goti. Baada ya muda aliingia sebuleni na leso yake imejaa majivu.

"Mgeni, utatuvumilia kidogo," akamwambia mpishi. "Chai yetu tunapika kwa kuni. Ya birika haina ladha, hata mwenyekiti hapa nimemkataza."

"Hiyo ya kuni ndiyo niliyolelewa nayo," mpishi akasema. "Ngoja niketi vizuri."

Mama alimwangalia mshonaji. Mshonaji alikuwa anatafuta kikombe kisicho na ufa.

Nilingoja kando ya kisanduku mpaka breka ikawa baridi kwenye kidole. Nikaiinua, ikashika. Friji ikaanza kuguna. Nikawasha sefu ya susu peke yake. Taa yake ilipozima, nikawasha ya mama. Hakuna aliyefungua mlango. Kuku wale walichelewa kidogo kuliko wa asubuhi, nami niliwaongezea muda ule uliopotea, na mpishi akanywa vikombe vitatu akingoja.

Walipotoka alichukua mmoja wa asubuhi na mmoja wa mchana akawaweka ubao mmoja. Akakata mapaja, akabonyeza nyama karibu na mfupa aone maji yake. Akamwambia mama wa Kyuso afumbe macho, akageuza ubao, kisha akamtaka aonje na achague wa asubuhi. Mama wa Kyuso akachagua wa mchana.

"Hiyo ndiyo ninayotaka," mpishi akasema. "Hawatofautiani. Nitachukua wote." Akafuta kisu. "Na Ijumaa ijayo nipeni mara mbili ya hawa."

Susu akapumua kwa sauti. Mama alifungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa linakuja, maana mama hana njia ya kumnyima mgeni. Lakini hakulisema. Aligeuka akamwangalia mshonaji, na mshonaji akanyoosha kidevu kunielekea mimi.

"Muulize huyo," mshonaji akasema. "Waya ni wake."

Kwa hiyo wote walinitazama, pamoja na mpishi, ambaye nafikiri mpaka wakati huo alidhani mimi ni wa kuosha vyombo.

"Wote kwa siku moja haiwezekani," nikamwambia. "Tunaivisha nusu asubuhi na nusu mchana, ndiyo mwisho. Ukituma gari Alhamisi lichukue sehemu ya kwanza, na Ijumaa lichukue ya pili, utapata wote. Fundi akituwekea waya mwingine nitakwambia ni wangapi. Kabla ya hapo sitakwambia."

Mpishi alifikiria. "Alhamisi gari huwa linakuja mjini Sultan Hamud kuchukua mboga," akasema. "Litapanda mpaka hapa."

"Lije alasiri," nikasema. "Si mapema kama leo."

Alicheka, akaenda kupakia.

Fundi alivuta ule waya mnene wiki iliyofuata kama alivyosema, na jikoni sasa ina breka yake. Tunawasha tatu. Ya nne tungeweza kuijaribu, lakini nimeiacha iwe ya zamu ya pili, kwa sababu sioni haja ya kuubana waya hadi mwisho wake. Wanawake hawabishani tena nani anaanza. Anayetoka mbali anaanziwa, na kama wawili wanatoka mbali sawa, susu ndiye anayesema. Mimi ndiye ninayebonyeza. Wimbo bado wanauimba, ila kwenye neno la mwisho inawaka sefu moja, wanacheka, wanaimba ubeti mwingine, inawaka ya pili.

Yule mtu wa vyuma chakavu alipita mwezi huo akisukuma mkokoteni wake, akiita kwa sauti mbele ya kila lango. Mshonaji alikuwa kwetu akikata matawi ya mwembe kuwa vipande. Alisimama, akajipangusa mikono, akaingia jikoni. Mama aliacha kufagia. Mshonaji alitoka na ile ekstensheni iliyolainika, ambayo ilikuwa bado imening'inia nyuma ya mlango kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitupa, akampelekea langoni.

"Na yale makabati ya chuma?" mtu wa vyuma akauliza, akinyoosha shingo. "Nilisikia mnauza."

"Ulisikia vibaya," mshonaji akamwambia, akarudi kwa panga lake.